Asubuhi Yangu, Jioni Yake

Mwanangu Mwamini,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya mwenzako. Hali yako naijua: uko chumba cha pili, umejifunika blanketi hadi kichwani, na unakoroma kama marehemu baba yako. Kwa hiyo hilo tuliruke. Turuke pia mambo ya kula vizuri, kuchemsha maji na kufua kabla nguo hazijakwisha. Hata ulipokuwa mdogo hukuwa unayasikia.

Nakuandikia kwa sababu ya lile swali uliloniuliza juzi ukiwa umesimama mlangoni, mikono kiunoni: "Na wewe mama, ungefanya nini?" Niliinamia cherehani nikaendelea kushona kola ya sare ya mtoto wa watu, nikaishona kinyume, ikabidi niifumue. Jibu ninalo, ila mdomoni linanishinda. Ukianza kubishana nami huwa nashindwa, una ulimi mkali kuliko mkasi wangu, na majirani wanasema umeutoa kwangu. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Tuanze na yale tunayoyajua wote wawili, ili baadaye usiseme nimeyapindisha. Kliniki walituita kwa sababu virusi kwenye damu yako vimepanda, baada ya miaka mingi ambayo kipimo kilikuwa hakivioni. Muuguzi akakuuliza kama unaruka dawa, ukasema hapana. Nikakutazama, nikajua unadanganya, maana ukidanganya huwa una adabu sana. Tulipofika nyumbani ukaniambia ukweli: tangu mmalize kidato cha sita unagawana vidonge na rafiki yako Leokadia, mliyelala naye bweni moja. Siku moja yako, siku moja yake, na vyake unamtumia kwa basi. Bibi yake aliyekuwa anampeleka kliniki amefariki, sasa anakaa Mkiwa kwa shangazi ambaye hajui lolote, na pale anapotakiwa kuchukulia dawa kuna jirani yao anayefanya kazi. Anaogopa kuonekana. Ukasema kesho basi likisimama Mkiwa atakuja dirishani, nawe utampa kopo zima, halafu ukifika chuoni utajua la kufanya.

Usifikiri nilikasirika. Nilikuwa namwona mjomba wako Ntandu amesimama pale pale mlangoni, nyuma yako.

Unakumbuka likizo ya mwaka jana, ulivyokaa juu ya meza yangu ya kukatia, nikakufukuza, hukushuka? Ulikuwa na hamu ya kunieleza ulichosoma. Ulisema kirusi chetu hiki hakibebi vinasaba kama vya kwetu, kinabeba uzi mwembamba tu unaoitwa RNA. Kikiingia ndani ya seli ya mtu kinakuja na fundi wake, kimeng'enya, na fundi huyo ana mikono miwili. Mkono mmoja unausoma ule uzi na kuunakili kwa uzi wa aina nyingine, unaofanana na wetu. Mkono wa pili unafuata nyuma, unautafuna uzi wa kwanza kipande kwa kipande. Nikakuuliza kwa nini auharibu uzi wa mama yake. Ukasema asipouondoa hapati nafasi ya kushona upande wa pili. Anabakiza kipande kidogo kisichotafunika, na hapo ndipo upande wa pili unapoanzia. Pande zikishakuwa mbili, nakala inaingizwa katikati ya vinasaba vya mtu, inakaa humo maisha yake yote.

Nikakuambia fundi huyo namjua, yupo hata hapa Ilongero. Mteja anamletea gauni analolipenda, anamwambia nishonee lingine kama hili. Fundi anayeijua kazi analipima kwa futi kamba na kumrudishia mwenyewe likiwa zima. Fundi mvivu analifumua, anatandaza vipande juu ya kitambaa kipya, anazungushia chaki, anakata. Mteja akija anakuta gauni jipya, na lile la zamani limekuwa matambara ya kufutia mafuta ya cherehani. Kama fundi alikosea kukata, hakuna tena cha kulinganishia.

Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Kisha ukasema, "Na huyu anakosea sana, mama. Ila baadhi ya makosa yake ndiyo yanayomponya." Ukanieleza kwamba baadhi ya dawa tunazomeza zinaushika ule mkono unaonakili. Zikiwa za kutosha, mkono unaganda. Zikiwa pungufu, mkono unaendelea kwa kusuasua, na katika nakala nyingi zilizokosewa inatokea moja ambayo dawa haiwezi tena kuishika. Hiyo ndiyo inayozaana. Nikakuuliza, na mkono wa pili, ule unaotafuna? Ukasema bado hakuna dawa ya kumpa mgonjwa inayoushika, wapo watu wanaitafuta, na wewe unataka uwe mmoja wao. Nikakupa kisogo, nikajifanya natafuta sindano iliyoanguka. Ulidhani nimechoka na masomo yako.

Mwamini, wewe uliyajua yote hayo na bado ukamgawia Leokadia. Mimi sikujua hata moja nilipomgawia Ntandu. Basi elimu siyo iliyokosekana, na ndiyo maana sikukupigia kelele.

Habari ya mjomba wako nilikupa ulipokuwa na miaka kumi na miwili, tumekaa nyuma ya jiko, siku ulipouliza kwa nini unakunywa dawa na wenzako hawanywi. Nilikwambia kwa ufupi kwamba tuligawana dawa, yeye akafa, na wewe ukaupata ugonjwa kwenye maziwa yangu. Hukulia. Uliinuka ukaenda kufungia kuku. Leo nataka kukueleza yale niliyoyaruka siku ile.

Ntandu alikuwa kaka yangu mkubwa. Baba yetu alipokufa yeye ndiye aliyenilea, na aliuza mbuzi wake ili nikajifunze ushonaji, wakati wanaume wenzake wanamcheka kwamba mbuzi wa kuolea anawamalizia kwa msichana. Kwa hiyo baba yako alipofariki, nami nikapimwa nikiwa na mimba yako na kuanzishiwa dawa, mtu wa kwanza kumwambia alikuwa yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua shati akanionyesha mkanda wa jeshi ubavuni, vile vipele vilivyokuwa vimempiga tangu mvua za kwanza. Akasema, "Na mimi naona ndiyo hiyo hiyo."

Nilimwambia twende kliniki. Wakati ule siku ya dawa ilikuwa moja kwa wiki, na benchi la kusubiria lilikuwa nje, linatazama njia ya kwenda mnadani. Akanijibu kwa sauti ya chini, hakuwa mtu wa kelele: "Mariamu, nikikaa pale leo, kesho kwenye kikao kata ya pombe ikizunguka itanipita. Sitakaa kwenye kikao ambacho kata inanipita." Unawajua watu wetu. Mnakunywa kwa kata moja ya kibuyu, mnapokezana, na mtu akirukwa hakuna anayetamka neno, ila kila mmoja ameona. Mimi sikubishana. Ningebishanaje, wakati mimi mwenyewe nilikuwa nakaa kwenye benchi lile nimejitanda kanga mpaka puani? Kana kwamba mtu wa Ilongero anaweza kujificha Ilongero. Watu walikuwa wananitambua kwa mwendo kabla sijafika getini.

Basi ukaja msimu wa kulinda ndege. Uwele ulikuwa umetoa masuke, kweleakwelea wanashuka kama moshi, na Ntandu alikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, kutwa nzima anavuta zile kamba zenye makopo. Wewe ulikuwa umezaliwa salama. Walikupima ukiwa mchanga, hukuwa na kitu, na sitaki uisahau sentensi hii. Jioni nilikuwa nakubeba mgongoni na kumpelekea ugali na mlenda. Dawa zetu wakati ule zilikuwa mara mbili kwa siku. Jioni moja nilimkuta ameegemea nguzo ya dungu anatetemeka, ndege wanakula, na yeye hana nguvu ya kuvuta kamba. Nilifungua pindo la kanga nikampa kidonge changu cha usiku. Akakimeza bila maji.

Ilianza hivyo tu. Siku iliyofuata nikampa tena. Tukapata na usemi wetu, asubuhi yangu, jioni yake, tukiusema kama watu wanaopeana zamu ya kuchota maji kisimani. Kwetu ukiwa na kimoja mnakigawa, hata karanga. Ungemwona mtu anayekula peke yake kaka yake akimtazama, ungesema huyo ni mtu? Mimi niliona dawa ni chakula kama chakula kingine. Nusu si ni bora kuliko kukosa kabisa? Akimaliza kula alikuwa anakuchukua magotini, anakushikisha kamba ya makopo uvute. Ulikuwa unacheka kila makopo yakilia.

Sasa sikiliza lililoniuma kuliko yote. Muuguzi alikuwa anahesabu vidonge kila tunaporudi, kuona nani anaruka dozi. Kopo langu lilikuwa linarudi tupu kwa siku ile ile iliyotakiwa, bila kidonge kuzidi wala kupungua, maana tulikuwa wawili tunakula sawasawa. Akanisifu mbele ya wenzangu pale kwenye benchi. Alisema, "Mfuateni huyu mama, huyu ndiye mfano." Nilirudi nyumbani shingo imenyooka. Njia nzima nilikuwa na furaha, kwamba nimeushinda ugonjwa, hospitali na kikao kwa mpigo mmoja.

Na mwanzoni Ntandu alipata nafuu kweli. Alirudi kwenye kikao, kata ikamfikia, akainywa. Halafu mdomo ukaota utando mweupe, akawa anameza ugali kwa machozi. Akashuka kwenye dungu siku moja, asiweze kupanda tena. Mimi nilianza kulowana jasho usiku. Wewe sikio likaanza kutoa usaha, likikauka hili linaanza la pili, na mitoki ikakujaa shingoni. Nilipokuachisha ziwa wakakupima mara ya mwisho. Muuguzi yule aliyenisifu alitoka na karatasi, akakaa chini kabla hajanisomea, na alipomaliza kunisomea hakunisifu wala kunilaumu. Aliniuliza kama nimekula kitu tangu asubuhi. Nilimchukia kwa swali lile, na sasa nadhani lilikuwa jambo la maana kuliko yote niliyoambiwa mwaka ule.

Ntandu alikufa kabla uwele mwingine haujavunwa. Siku zake za mwisho alikuwa ananiuliza kitu kimoja tu: "Mtoto vipi?" Nikamwambia mzima. Huo ni uongo ambao siujutii. Msibani watu wakasema huyu ndiye dada, mfano wake haupo, alimpelekea chakula mpaka shambani. Nilikuwa nimekupakata, usaha wa sikio lako umelowesha kifua cha gauni langu, na nikawaitikia asanteni.

Wewe umeshaniambia kwamba siwezi kujua. Ulisema ungeweza kuupata kwenye maziwa hata kama nisingegawa kidonge. Nashukuru kwa kunipa njia ya kutokea, ila mimi sitokei. Nilipewa dawa za watu wawili, mimi na wewe, nikazigawa kwa watatu, bila kukuuliza wewe uliyekuwa mgongoni.

Kwa miaka mingi nilijilaumu kwamba nilimpenda kaka yangu kupita kiasi. Ni lawama tamu, mtu unaweza kuilalia usiku na usingizi ukaja. Siku ulipokuwa juu ya meza yangu unaeleza kuhusu ule mkono wa pili ndipo nilipoona vingine: mkono wangu mmoja ulikuwa unatoa, na wa pili nyuma yake ulikuwa unaharibu. Kutoa ni moyo, wanasema, na ni kweli. Lakini mimi nilitoa kidonge kwa sababu kutoa kidonge kulikuwa rahisi. Jambo gumu lilikuwa kuivua ile kanga usoni, kumshika mkono kaka yangu mchana kweupe, kukaa naye kwenye benchi, anayepita kwenda mnadani apite na atuone. Hilo sikumpa hata siku moja. Nilikuwa naiona aibu yake kubwa mno kwa sababu ilikuwa na aibu yangu ndani yake. Tulifichana, mwanangu, na tukaita kufichana huko upendo.

Sasa nikujibu. Ningefanya nini? Ningefanya ulichofanya wewe. Na Ntandu akija leo, akasimama mlangoni na macho yake yale, mkono wangu utafika kwenye kopo kabla akili haijafika. Sina moyo bora kuliko wako, kwa hiyo usitarajie nikuambie uwe mgumu. Ninachojua ni kile kilichofuata, kwa sababu sehemu yake nimeizika na nyingine ninaimeza mpaka leo. Dawa zangu za mwanzo zilikufa mwilini mwangu. Hizi ninazokunywa sasa, zinazonichafua tumbo hadi unanitania kwamba nimepata mimba, ndizo za pili, na daktari amesema zikishindwa hizi, za kufuatia hapa kwetu hazipo, mtu anaombewa mbali na kusubiri. Damu yako uliyotoa wiki hii majibu yake hayajarudi. Huenda dawa yako bado inakushika, huenda Leokadia na wewe mmeshaiua. Sijui. Ninaogopa sana, Mwamini, na sina namna nzuri ya kuliandika hili.

Kopo utakalompa kesho halitampeleka popote. Litakwisha, na wewe utakuwa huna, na atakuwa bado anajificha na aibu yake, ila sasa na virusi visivyosikia dawa. Atakapokufa utakuwa umesimama msibani watu wanakusifu. Sitaki usifiwe hivyo.

Nimefikiri tangu juzi. Nilitaka kukuomba tu usimpe, kisha nikaona ni kukutwisha mzigo wangu: ukae dirishani, umtazame rafiki yako analia chini, ufunge kioo, halafu ukasome. Hakuna binti anayestahili kwenda chuo na picha hiyo. Kwa hiyo nimekata tiketi. Kesho stendi pale Singida sitakuaga, nitapanda na mimi; unapoisoma hii niko viti vya nyuma. Ndani ya basi hatuwezi kuyazungumza haya, watu wana masikio, ndiyo maana nimeandika. Nitakupa barua hii ukishakaa. Tukipita Ikungi uwe umeimaliza.

Mkiwa nashuka mimi. Leokadia ananifahamu, nimemshonea sketi zake za shule. Nitamwambia ninachojua na kwamba wewe hukunituma. Hasira yake iwe kwangu. Kisha nitamwomba twende Manyoni, ambako hakuna jirani yao, na nitakaa naye kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka aitwe. Akiulizwa amekuja na nani, aseme amemsindikiza mama mgonjwa. Si uongo. Baadaye akitaka kusema vingine, atasema mwenyewe.

Huenda akakataa. Huenda akanitukana mbele ya wauza karanga na kukimbilia kwa shangazi yake. Ntandu alikataa mara moja tu na mimi nikashukuru moyoni kwamba amekataa. Huyu akikataa kesho, keshokutwa niko Mkiwa tena, na wiki ijayo, na sare za watu zitangoja. Nitakuwa mzee mwenye kero kuliko wote waliowahi kushuka pale.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kukufanyia. Nikiwa bado nashuka kule nyuma, ataniwahi dirishani kwako. Atakuita kwa lile jina lenu la bwenini. Atanyoosha mkono, na wewe kopo liko kwenye begi, begi liko magotini. Utakuwa na muda mfupi sana, na muda huo sitakuwa karibu nawe.

Mwangalie usoni, umwambie mama anakuja. Mikono yako iache juu ya begi.

Mama yako,
Mariamu